Seva 864 Chini ya Bahari: Uchambuzi wa Kisa cha Mradi wa Natick

Mwezi Juni 2018, karibu na visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, kampuni ya Microsoft, katika mradi wake ulioitwa Natick, ilishusha chini ya bahari silinda ya chuma yenye urefu wa takriban mita 12, ambayo ndani yake mlikuwa na raki 12, yaani makabati ya vyuma, zilizobeba seva 864, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data. Silinda hiyo, iliyopewa jina la Northern Isles na kuundwa na kampuni ya Naval Group ya Ufaransa, ililazwa kwenye sakafu ya bahari kwa kina cha mita 36, ikapata umeme na mawasiliano kwa mkongo uliotoka nchi kavu, na ikafanya kazi kwa miaka miwili bila kuguswa na mkono wa mtu. Julai 2020 ilipandishwa juu. Mwaka 2024 kampuni ikathibitisha kwamba haina tena kituo cha data kilichozamishwa majini, na kwamba haijengi kingine.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha upoozaji: kompyuta hutoa joto, bahari ni baridi, kwa hiyo zitiwe baharini. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanakipa kisa uzito mahali pasipo pake. Nikipiga hesabu za umeme naona kwamba faida ya upoozaji, ikilinganishwa na vituo vizuri vya nchi kavu, ilikuwa ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Jambo kubwa lililopatikana Orkney ni kwamba mashine zilidumu, na kudumu huko, kwa kadiri ninavyoweza kupima, kulitokana zaidi na hewa iliyotiwa ndani ya silinda na utulivu wa mle ndani kuliko maji yaliyoizunguka. Hapohapo, muundo uliozilinda mashine ndio uliozuia faida hiyo isivunwe yote.

Chimbuko la wazo

Karibu kila wati ya umeme inayoingia ndani ya seva hutoka ikiwa joto. Hesabu zinazofanyika ndani ya chipu haziachi kitu kingine cha kupimika. Umeme unaingia, matokeo ya hesabu yanatoka kwenye waya wa mtandao, na joto linabaki chumbani. Lisipoondolewa, chipu hupunguza kasi ili zijilinde, kisha hujizima. Kwa sababu hiyo kituo cha data huwa ni nyumba mbili ndani ya moja: nyumba ya mashine zinazofanya kazi, na nyumba ya mashine zinazoondoa joto la hizo za kwanza, yaani feni, pampu, vipoza hewa na minara ya kupozea maji.

Tangu mwaka 2007, kwa pendekezo la muungano wa kampuni uitwao The Green Grid, sekta hii hupima mzigo wa nyumba ya pili kwa uwiano unaojulikana kwa herufi PUE. Umeme wote unaoingia kwenye kituo hugawanywa kwa umeme unaofika kwenye vifaa vya kompyuta. Kituo ambacho kingepeleka kila wati kwenye kompyuta kingekuwa na uwiano wa 1.0, na kinachotumia kwa upoozaji na mengineyo sawasawa na kinachotumia kwa kompyuta kina uwiano wa 2.0. Uchunguzi wa mwaka 2023 wa Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, ulipata wastani wa 1.58 kwa vituo vilivyoshiriki, ilhali vituo vya Google, vinavyohesabiwa miongoni mwa vilivyo bora, vina wastani wa takriban 1.10. Northern Isles ilitangazwa kuwa na 1.07.

Miongoni mwa wafanyakazi waliotoa wazo la Natick alikuwamo Sean James, ambaye aliwahi kuhudumu katika nyambizi ya Jeshi la Majini la Marekani, na alama ya asili hiyo inaonekana katika namna silinda ilivyopozwa. Nyambizi imejaa vifaa vya umeme, haina dirisha la kufungua, na imezungukwa na maji baridi. Wahandisi wake wamejua kwa miongo mingi namna ya kuyatumia maji hayo kupoza bila kuyaruhusu yaguse kifaa chochote. Katika Northern Isles maji ya bahari yalipitishwa katika mabomba hadi kwenye rejeta zilizofungwa nyuma ya kila raki, yakabeba joto, kisha yakarudishwa baharini. Hapakuwa na kipoza hewa cha kujazia gesi, wala mnara, wala tone la maji baridi ya kunywa.

Kabla ya hapo lilikuwapo jaribio dogo katika Bahari ya Pasifiki, pwani ya Marekani, kuanzia Agosti hadi Novemba 2015. Lengo lake lilikuwa kuthibitisha tu kwamba jambo hilo linawezekana, na lilithibitisha. Orkney ndiko swali lilikoulizwa kwa ukamilifu, nami nitabaki huko.

Hesabu ya umeme

Silinda ilihitaji umeme wa takriban kilowati 240. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kilowati zote hizo 240 zinafika kwenye seva. Kwa uwiano wa 1.07, upoozaji na mambo mengine yangehitaji kilowati 16.8 juu yake. Seva hizohizo zikiwekwa katika kituo chenye wastani wa 1.58, mzigo wa ziada unapanda hadi kilowati 139.2. Tofauti ni kilowati 122.4, ambazo kwa mwaka mzima wa saa 8,760 ni zaidi ya uniti milioni moja. Hii ndiyo hesabu inayovutia macho, na ndiyo inayofanya wazo la bahari lionekane la lazima.

Lakini anayejenga kituo kipya leo halinganishi bahari na kituo cha wastani, ambacho mara nyingi ni cha zamani na kilijengwa wakati umeme wa kupozea haukumshughulisha mtu. Analinganisha na kituo kizuri anachoweza kukijenga nchi kavu kwa ujuzi uliopo: kinachoingiza hewa ya nje msimu wa baridi, kinachotenganisha njia ya hewa baridi na njia ya hewa moto, kinachoacha chumba kifikie nyuzi 27 za Selsiasi badala ya kukigandisha. Kituo cha uwiano wa 1.10 kingetumia kilowati 24 kwa mzigo wa ziada, kwa hiyo bahari ingeokoa kilowati 7.2 tu, yaani uniti 63,072 kwa mwaka. Si kitu cha kutupa, lakini ni sehemu ndogo sana ya zile uniti milioni, na ili kuipata unalazimika kuajiri tishari lenye winchi, kulaza mkongo na kuunda chombo kinachostahimili shinikizo la maji ya mita 36.

Sasa tuiweke akiba hiyo ya kilowati 7.2 pembeni ya jambo lingine. Kilowati 240 zikigawanywa kwa seva 864, kila seva inapata takriban wati 278 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle, wahandisi wa Google, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba seva nyingi katika vituo walivyovichunguza hutumika kwa kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba seva isiyofanya kazi yoyote bado hula takriban nusu ya umeme wa kilele. Tukichukua nusu hiyo, kila seva inayokaa bure inapoteza wati 139, na inatosha kuzima seva 52 zilizokaa bure kati ya 864 ili kufuta faida yote ya bahari dhidi ya kituo kizuri cha nchi kavu. Seva za miaka ya karibuni zimeboreshwa. Tukisema zinakula theluthi moja tu zikiwa bure, idadi hiyo inapanda hadi 78, ambayo haifiki asilimia 10 ya mashine zote. Msimamizi anayejua programu zipi zimesahauliwa zikiendelea kukimbia, akazikusanya zile zinazohitajika kwenye seva chache na kuzima zilizobaki, anaokoa kutoka kwenye kiti chake kiasi kilekile ambacho Microsoft ilikifuata kwenye sakafu ya bahari.

Uwiano wa PUE haulioni jambo hilo kabisa, na ndiyo sababu nimekawia hapa. Kwa macho ya PUE, seva inayokokotoa muundo wa protini na seva inayosubiri kazi isiyokuja ni sawa, kwa kuwa zote ni vifaa vya kompyuta na umeme wake unahesabiwa upande wa faida. Zaidi ya hapo, feni ndogo zilizomo ndani ya seva nazo huhesabiwa kuwa kompyuta. Ukipandisha joto la chumba kupita kiasi, vipoza hewa vinapumzika lakini feni za ndani ya seva zinazunguka kwa kasi zaidi, hivyo PUE inaonekana nzuri zaidi hata pale ambapo bili ya umeme imeongezeka. Na ukifanikiwa kupunguza umeme wa seva zenyewe huku mitambo ya upoozaji ikiendelea vilevile, PUE inaharibika, ingawa umefanya jambo jema. Kipimo hiki kilisaidia sana katika miaka ambayo vituo vilikuwa na uwiano wa 2.0 na zaidi. Kikishafika 1.1 hakina mengi ya kumwambia mtu, na kutumia 1.07 kama ushahidi mkuu wa ubora wa Natick ni kuukosea haki mradi wenyewe.

Kwa upande wa haki, ni lazima isemwe kwamba mashine za Northern Isles hazikuachwa zikae bure: sehemu ya uwezo wake ilielekezwa kwenye miradi ya Folding@home na World Community Grid, ambayo hutumia kompyuta za kujitolea kwa utafiti wa kisayansi, ikiwamo kazi iliyohusu virusi vya korona.

Maji yaliyookolewa na joto lililotupwa

Kuna faida moja ya bahari ambayo haionekani katika hesabu ya umeme. Vituo vingi vya nchi kavu hupata uwiano mzuri kwa kuvukiza maji. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi, na njia hiyo hutumia umeme mdogo, lakini maji yenyewe yanakwenda na upepo. Fizikia yake ni nyepesi: kuondoa joto la uniti moja kwa kuvukiza kunahitaji takriban lita moja na nusu. Kilowati 240 kwa saa 24 ni uniti 5,760, kwa hiyo kama joto lote la silinda lingeondolewa kwa njia hiyo, zingehitajika karibu lita 8,500 za maji kila siku. Hicho ni kituo kidogo sana. Vituo vikubwa vya leo hupimwa kwa makumi na mamia ya megawati, na mtu anaweza kuzidisha mwenyewe. Mahali penye ukame, bei ya PUE nzuri hulipwa na mto au kisima. Kwa kipengele hiki Natick ilikuwa safi kabisa, na naona haikusifiwa vya kutosha.

Swali ambalo huulizwa mara moja na kila anayeipenda bahari ni kama silinda iliwaunguza viumbe. Katika jaribio la 2015 watafiti walipima ongezeko la elfu chache tu za nyuzi moja ya joto umbali wa mita chache kutoka kwenye chombo. Takwimu hiyo inaaminika ukiipima kwa hesabu ya kawaida: mkondo wa mita moja kwa sekunde unaopita katika eneo la mita 10 za mraba hubeba tani 10 za maji kila sekunde, na kilowati 240 zikigawanywa katika maji hayo huyapasha kwa takriban elfu sita za nyuzi moja. Silinda ilipotolewa mwaka 2020 ilikuwa imefunikwa na mwani na vile viumbe vya gamba vinavyoganda kwenye mawe na matumbo ya mashua, na katika pembe za kitako chake zilizokingwa dhidi ya mkondo walikutwa anemoni wa baharini waliokua hadi ukubwa wa tikiti dogo. Bahari iliichukulia kama jiwe.

Hata hivyo hesabu hiyo ni ya silinda moja katika mkondo mkali. Silinda mia tano katika ghuba iliyotulia, ambako maji yaleyale yanazunguka na kurudi, ni jambo jingine, na uthibitisho wa Orkney hauwezi kubebwa hadi huko bila kupimwa upya. Isitoshe, joto lililopelekwa baharini limepotea. Mjini Odense, Denmark, joto la kituo cha data cha Meta, kampuni inayomiliki Facebook, hupandishwa kwa pampu za joto na kuingizwa katika mabomba ya mji yanayopasha nyumba za watu. Katika nchi za baridi, joto la kompyuta ni bidhaa, na kuipoza kompyuta kwa ufanisi mkubwa huku nyumba za jirani zikichoma gesi ni ufanisi wa nusu.

Seva sita na seva nane

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naamini ndilo kiini cha kisa. Wakati Northern Isles ikiwa baharini, Microsoft iliendesha seva nyingine 135 nchi kavu kwa ajili ya kulinganisha. Kwa takwimu zilizotolewa baadaye, baharini ziliharibika seva 6 kati ya 855 zilizotajwa katika takwimu hizo, na nchi kavu ziliharibika 8 kati ya 135. Hiyo ni asilimia 0.7 dhidi ya karibu asilimia 6, yaani takriban moja ya nane.

Idadi ya seva nane ni ndogo, na mchambuzi mwangalifu lazima ajiulize kama bahati ilichangia. Tuseme nchi kavu zingeharibika nne tu badala ya nane: kiwango kingekuwa karibu asilimia 3, na bado mashine za baharini zingekuwa zimezishinda kwa zaidi ya mara nne. Kwa hiyo ukubwa kamili wa tofauti unaweza kubishaniwa, ila kuwapo kwake ni vigumu kukukana.

Sababu ni ipi? Silinda haikujazwa hewa ya kawaida. Ilijazwa nitrojeni kavu, bila oksijeni na bila unyevu. Ilipofikishwa nchi kavu, mtafiti Spencer Fowers alichukua sampuli za hewa ya ndani kwa kuingiza mirija ya majaribio kupitia valvu iliyo juu ya chombo, kabla ya kufunguliwa, kwa sababu watafiti walikuwa na shauku ya kujua gesi gani nyaya na vifaa vilikuwa vimezitoa katika muda huo wote wa kufungiwa. Dhana waliyoitoa ni kwamba nitrojeni haileti kutu kama oksijeni, na kwamba kutokuwapo kwa watu wa kugonga na kusukuma vifaa kulisaidia pia.

Fundi yeyote wa kompyuta anaielewa dhana hiyo kwa vidole vyake. Mashine imegoma kuwaka. Anaifungua, anachomoa kadi ya kumbukumbu, anayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, anaipuliza, anairudisha mahali pake, na mashine inawaka. Alichokiondoa ni utando mwembamba usioonekana kwa macho. Dhahabu yenyewe haipati kutu, lakini imepakwa kwa unene mdogo mno, ina vitundu, na chini yake kuna nikeli na shaba ambazo hewa yenye unyevu huzifikia. Mtetemo mdogo wa feni na wa diski unasugua meno hayo mwaka baada ya mwaka. Joto likipanda mchana na kushuka usiku, viungo vya bati vinatanuka na kusinyaa mpaka kimoja kinapasuka. Fikiria sasa chumba ambacho hakina oksijeni, hakina unyevu, hakina vumbi, ambacho maji yanayokipoza hayajui mchana wala usiku, na ambacho hapana mtu anayefungua kabati na kuvuta waya usio wake.

Kasoro ya jaribio ni kwamba mambo hayo yote yalikuja pamoja. Hapakuwa na silinda ya pili iliyojazwa hewa ya kawaida, wala chumba cha nchi kavu kilichojazwa nitrojeni, kwa hiyo haiwezekani kugawa sifa kati ya gesi, utulivu wa joto na kutokuwapo kwa watu. Lakini orodha hiyo ikitazamwa vizuri, ni jambo moja tu, utulivu wa joto, ambalo bahari ilichangia moja kwa moja, na hata hilo linaweza kupatikana nchi kavu kwa maji yanayozunguka katika mabomba. Chumba cha nitrojeni kinaweza kujengwa chini ya ghala. Mlango uliofungwa hauhitaji mita 36 za maji juu yake.

Kwa nini kudumu kwa mashine kuna uzito huu

Orkney ni visiwa vyenye upepo na mawimbi ya kutosha kuzalisha umeme jadidifu unaozidi mahitaji ya wakazi wake kwa mwaka, na silinda ilitumia umeme huo. Umeme unapokuwa safi, kaboni itokanayo na kuiendesha mashine inapungua sana, na kinachobaki katika daftari ni kaboni iliyotumika kuiunda: kuchimba madini, kuyeyusha, kusafisha silikoni hadi kiwango cha usafi kisicho na mfano, kuendesha viwanda vya chipu vinavyokula umeme na maji usiku na mchana. Deni hilo hulipwa lote kabla seva haijawashwa mara ya kwanza. Seva ikidumu miaka minne, deni linagawanywa kwa minne. Ikidumu minane, kila mwaka unabeba nusu. Hakuna feni wala rejeta inayoweza kulipunguza baada ya hapo. Kadiri gridi zinavyozidi kuwa safi, ndivyo umri wa mashine unavyozidi kuwa kipimo kikuu, na ndiyo maana seva sita kati ya 855 ni habari kubwa kuliko 1.07.

Upande wa pili wa umri ni taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilihesabu tani milioni 62 zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Mashine isiyoharibika ni mashine ambayo haijaingia katika hesabu hiyo.

Hapa ndipo muundo wa Natick unapojifunga wenyewe. Silinda ilikusudiwa kukaa baharini hadi miaka mitano bila matengenezo, kisha ipandishwe, ijazwe kompyuta mpya na kurudishwa, ili chombo chenyewe kitumike miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo seva zote 864 zilifungiwa tarehe moja ya kustaafu. Iliyokufa mwezi wa tatu inabaki kwenye raki ikiwa imekufa, hata kama kilichoharibika ni kadi ya kumbukumbu ya kubadilishwa kwa dakika mbili. Iliyo hai na yenye nguvu za miaka mingine mitano inatolewa pamoja na wenzake siku silinda inapopandishwa. Na ikitokea katikati ya safari kwamba diski zinahitaji kuongezwa ilhali prosesa bado zinafaa, hakuna njia ya kubadilisha hiki na kuacha kile. Kutengeneza, kuongezea na kuhamishia vifaa kwenye kazi nyepesi zaidi, ambazo ndizo njia za kawaida za kurefusha maisha ya kompyuta, zote zilifungwa nje kwa boliti zilezile zilizoifungia nitrojeni ndani.

Mazingira yaliyouzunguka mradi nayo yaligeuka. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kwamba vituo vya data vilitumia saa za terawati 415, yaani uniti bilioni 415, mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na linatarajia kiasi hicho kifike 945 ifikapo 2030, huku mashine za akili mnemba zikiwa chanzo kikuu cha ongezeko. Raki moja ya mashine hizo inaweza kuhitaji zaidi ya kilowati 100, karibu nusu ya umeme wa silinda nzima ya Orkney iliyokuwa na raki 12. Chombo kisichofunguliwa kwa miaka mitano hakikai vizuri katika biashara inayobadilisha chipu zake kila baada ya muda mfupi. Nchini China, pwani ya Hainan, vituo vya majini vimeendelea kujengwa kibiashara, kwa hiyo wazo halijafa. Ila kampuni iliyolijaribu kwa uwazi zaidi imeliacha.

Kilichochukuliwa nchi kavu

Microsoft ilisema itaendelea kuitumia Natick kama msingi wa utafiti, na ikataja hasa kuzamisha kompyuta katika vimiminika maalumu. Nadhani hapo ndipo kisa kinapata mwendelezo wake halali. Seva iliyozamishwa katika kimiminika kisichopitisha umeme haigusani na hewa, haina vumbi, haina feni za kutetemesha, na joto lake hutolewa kwa utulivu, yaani inapata sehemu kubwa ya ulinzi uliopatikana Orkney. Tofauti ni kwamba tangi lina mfuniko.

Njia hiyo nayo ina doa lake. Aina mojawapo ya vimiminika hivyo, ile inayochemka na mvuke wake kurudi kuwa kimiminika ndani ya tangi, imetegemea kemikali za kundi la PFAS, ambazo hazivunjikivunjiki katika mazingira. Kampuni ya 3M, mtengenezaji mkubwa wa vimiminika hivyo, ilitangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kutengeneza kemikali za kundi hilo ifikapo mwisho wa 2025. Yamebaki mafuta ya kutengenezwa na ya madini, ambayo hayachemki bali husukumwa na pampu polepole kati ya tangi na kibadilisha joto. Ndani ya tangi la namna hiyo, seva iliyopata hitilafu huinuliwa kwa kapi na kuning'inizwa juu ya tangi mpaka mafuta yachuruzike, fundi aliyevaa glavu anachomoa kadi ya kumbukumbu iliyokufa, anachomeka nyingine, na seva inashushwa tena mahali pake huku zilizo pembeni yake zikiendelea na kazi.